Chakula cha Kwetu Kisiishie Kwenye Masimulizi



Ukitaka kujua mwenzako amelelewa wapi, huna haja ya kumwuliza kabila. Mwulize anatamani kula nini siku ya mvua, au siku anapoanza kupata nafuu baada ya kuugua.

Wa Moshi atakuambia mtori. Wa Bukoba atataja ndizi na maharage, na kama ni msimu wake ataongeza senene. Wa Dodoma atataka ugali wa mtama na mlenda wa karanga. Wa Shinyanga atakumbuka michembe, wa Kigoma mgebuka wa mawese, wa Mtwara ming'oko ya kuchemsha. Wa Unguja atasema boko boko, kisha atakuapia kwamba hakuna alipikaye kama mama yake.

Na wewe je? Kwenu mnakula nini?

Swali hili halijibiwi kwa mkato. Litupie ndani ya daladala au kwenye foleni ya benki, na watu wasiojuana wataanza kubishana kwa furaha. Magadi yanawekwa au hayawekwi? Karanga zikaangwe kwanza au zitwangwe mbichi? Tui zito litangulie au limalizie?

Lakini ukisikiliza hadi mwisho, mara nyingi mtu humaliza kwa kusema, "Ila siku hizi sili tena, nitampata wapi wa kunipikia?" Sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu Watanzania milioni 61.7, na zaidi ya theluthi moja yetu tunaishi mijini. Tumefuata kazi, masomo, ndoa na biashara. Hilo si kosa la mtu yeyote. Ila njiani tumezoea kukisimulia chakula cha kwetu kuliko kukipika.

Ndiyo sababu naandika wito huu. Hamu tuliyo nayo sote, tuipe kazi. Chakula hudumu kwa kupikwa, kwa kufundishwa na kwa kugawiwa jirani. Sifa peke yake haijawahi kuinjika sufuria.

Wapo wanaoona haya, wakidhani kutamani mlenda mjini ni ushamba. Sivyo, ndugu zangu. Harufu ikiingia puani hufika upesi kwenye sehemu za ubongo zinazoshughulika na kumbukumbu na hisia. Ndiyo maana mtu mzima mwenye watoto wanne anaweza kunusa tui linalochemka akajikuta amemkumbuka bibi yake, kabla hata hajajua kilichomo chunguni.

Na ladha tunaanza kujifunza mapema kuliko tunavyodhani. Anachokula mama mjamzito huacha ladha katika maji yanayomzunguka mtoto tumboni. Anachokula mama anayenyonyesha huacha ladha katika maziwa yake. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa Temeke na mama wa Kondoa huenda amekutana na ladha ya Kondoa kabla hajatoka tumboni. Tukimpa chakula hicho tutakuwa tunamwendeleza palepale alipoanzia.

Sasa tutazame kilichomo ndani ya vyakula hivi. Je, tumewahi kujiuliza kwa nini vilipikwa hivyo vilivyopikwa?

Chukua mtori. Ni ndizi mbichi na nyama ya mifupa, vinachemshwa na kupondwa hadi vinakuwa supu nzito. Kilimanjaro ni chakula cha mama aliyejifungua. Ni laini, kina maji ya kutosha, kina nguvu, na mwenye uchovu anaweza kukinywa bila kutafuna sana. Walioanzisha hawakuwa na vitabu vya lishe, walikuwa na macho na uzoefu.

Chukua michembe ya Usukumani. Viazi vitamu havikai muda mrefu vikishavunwa, kwa hiyo wazee wetu walivikata vipande vibichi wakavianika juani hadi vikauke kabisa. Wakivichemsha kwanza ndipo wavianike, huwa ni matobolwa. Vyote viwili humngoja mlaji miezi mingi. Mvua zikichelewa, familia ina cha kuchemsha asubuhi na kula kwa chai, maziwa au karanga.

Dodoma mvua hunyesha msimu mmoja tu kwa mwaka, takriban kuanzia Desemba hadi Aprili. Mboga za majani zingetoka wapi mwezi wa Septemba? Akina mama wa Kigogo walizikausha wakati zimejaa. Majani ya kunde yaliyokaushwa, ambayo Wagogo huyaita safwe na Wasukuma nsansa, yameokoa kaya nyingi katika kiangazi. Leo tungeuita mpango huo uhifadhi wa chakula na kuuandalia semina. Wao waliuita kazi za nyumbani.

Upo pia ujuzi unaolinda uhai, na huu naomba tuutilie maanani sana. Muhogo mchungu una sumu ambayo hutolewa kwa kuloweka, kuchachusha na kukausha vizuri. Mahali ambapo hatua hizo zilifupishwa, hasa miaka ya njaa, umewahi kutokea ugonjwa wa konzo unaopooza miguu, hata hapa nchini. Kisamvu nacho hutwangwa vizuri na kuchemshwa hadi kiive kabisa. Na si kila kiazi cha porini kinaliwa. Mama wa Kimakonde anayechimba ming'oko anajua mti wake, jani lake na msimu wake. Bibi anaposema "siku tatu majini" huwa anatukinga. Nani kati yetu amemwuliza siku hizo ni za muhogo wa aina gani?

Basi tuanzie nyumbani.

Ombi langu la kwanza ni dogo. Chagua chakula kimoja cha kwenu, ukipike walau mara moja kwa mwezi. Kimoja tu. Usianze na kile kigumu cha arusini, anza na kile cha siku ya kawaida. Ukikosea, watakula hivyohivyo na watacheka, na mwezi ujao utapika vizuri zaidi.

Utaniambia muda hauna na gesi ni ghali. Ni kweli, makande hayana haraka. Lakini loweka mahindi na maharage usiku kucha, umwage maji hayo, upikie maji mapya. Yataiva mapema na utaokoa gesi. Pika sufuria kubwa Jumapili mchana, na Jumatatu jioni ni kupasha moto na kuongeza nazi au kitunguu. Makande ya kulala, wajuao wanasema, ndiyo matamu zaidi.

Na kama shinikizo la damu linakusumbua wewe au mtu wa nyumbani kwako, punguza chumvi, na magadi yatie kidogo sana au uyaache. Mlenda utakuwa mlenda bado, na bibi hatakasirika.

Ombi la pili ni kwa wazazi. Mtoto akikataa mlenda mara ya kwanza, usihukumu kwamba "watoto wa siku hizi hawali vyakula vya asili". Mtoto mdogo huhitaji kuonja chakula kipya mara nyingi, mara nane, kumi au zaidi, kabla hajakizoea. Mpe kidogo, bila kumlazimisha, na yeye akuone ukila kwa furaha. Wewe mwenyewe uliupenda siku ya kwanza?

Tena mwite jikoni. Mpe nazi na mbuzi, akune akiwa amesimamiwa. Mpe mchele wa mkate wa kumimina achague mawe. Wavulana kwa wasichana, wote wana mikono. Akina baba, nanyi karibuni. Wengi wenu mnaijua ladha kamili ya chakula cha mama zenu kuliko mtu yeyote nyumbani. Basi nyinyi ndio waonjaji tunaowahitaji, na baada ya kuonja, shikeni mwiko.

Ombi la tatu linahusu ndoa zetu. Siku hizi baba ni wa Bukoba, mama ni wa Tanga, na watoto wamezaliwa Mbeya. Huu ni utajiri. Mtoto wa nyumba hiyo ana kwao kuwili, tena kutatu, kwa sababu ameshazoea na mchele wa Kyela. Mke akijifunza kumpikia mumewe ndizi za kwao, na mume akijifunza kumpikia mkewe samaki wa nazi, watoto wataona kwamba pande zote mbili zinaheshimiwa. Mawifi na mashemeji watafurahi pia. Mama mkwe ukimwomba akufundishe, umempa heshima ambayo zawadi ya duka haiifikii.

Ombi la nne lina haraka kidogo, kwa kuwa wazee wetu hawatakuwa nasi siku zote. Ukienda nyumbani likizo, kaa jikoni na bibi au shangazi. Uwe na simu yako na kijiko kimoja. Kwa nini kijiko? Bibi hapimi kwa kijiko, anapima kwa kiganja. Anapochota magadi au chumvi, mwombe aimwage kwanza kwenye kijiko chako ndipo iingie sufuriani. Kwa njia hiyo kiganja chake kitakuwa kipimo ambacho hata mjukuu wa mjukuu anaweza kukifuata.

Rekodi sauti yake akieleza. Piga picha ya jani likiwa bado shambani, na jingine likiwa limekauka. Andika jina lake kwa lugha ya nyumbani, mwezi linapochumwa, na majani gani yanafanana nalo lakini hayaliwi. Wapelekee ndugu wote kwenye kundi la familia. Makundi yale tunayatumia kwa michango ya harusi na misiba. Hayawezi kubeba na mchuzi?

Sasa twende kazini.

Katika miji yetu, anayetulisha mchana ni mama lishe. Amezoea kupika wali, ugali, maharage na nyama kwa sababu anajua vitanunuliwa, na mtaji wake haumruhusu kubahatisha. Je, umewahi kumwuliza kwao ni wapi? Jikusanyeni watu kumi hapo ofisini au gereji. Mwambieni siku mbili kabla, "Mama, Alhamisi tupikie cha kwenu," na mlipie mapema. Yeye hatapata hasara, na nyinyi mtakula chakula kilichopikwa na mtu anayekijua tangu utoto. Wiki ijayo mwombeni wa banda la pili.

Wewe unayesimamia kantini ya taasisi, hospitali au kiwanda, siku moja katika wiki inaweza kuwa ya chakula cha mkoa. Wiki hii Kagera, wiki ijayo Lindi. Hakuna bajeti mpya inayohitajika, kwani ndizi, mtama, kunde, viazi vitamu na dagaa viko sokoni. Kilichobaki ni mpangilio na kuwauliza wapishi wako mwenyewe wanatoka wapi.

Walimu, ninyi mnaweza zaidi ya wote. Majirani zetu wa Kenya wametupa mfano mzuri. Walishirikisha jamii za Waisukha na Wapokot pamoja na wanafunzi wa shule za msingi kukusanya na kuandika habari za vyakula vyao vya asili. Mwaka 2021 UNESCO iliiingiza kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya asili katika orodha yake ya mifano bora ya kuhifadhi urithi wa utamaduni. Mwanafunzi akileta jani moja shuleni, na hadithi moja aliyopewa na bibi, somo limeshaanza. Je, shule yako inaweza kufanya hivyo muhula huu?

Na wale mnaosafirisha na kuuza, kazi yenu tunaithamini. Ndizi zinazoshushwa Mabibo, pale Mahakama ya Ndizi, na maboksi na vifurushi vinavyopokelewa na watu wenye hamu katika kituo cha mabasi cha Magufuli, Mbezi, vimeunganisha familia nyingi na nyumbani kwao. Kifurushi cha senene kilichotoka Bukoba kimesafiri zaidi ya kilomita 1,000. Ninyi makondakta na wapokea mizigo, kishikeni kwa upole. Mwenye nacho hajalala.

Vyakula hivi vina mizizi shambani na majini. Tukisahau huko, tutabaki na mapishi yasiyo na kitu cha kupika.

Wenye uwanja mdogo, hata gunia moja la udongo barazani linatosha mnafu au mgagani. Usivune yote. Acha mche mmoja au miwili ichanue, ikomae, itoe mbegu. Zikaushe vizuri, zihifadhi mahali pakavu, na mpe jirani kiasi. Ukihitaji ushauri, mwone ofisa ugani wa kata yako. Huko Tengeru, Arusha, kipo pia kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga ambacho kwa miaka mingi kimeshughulikia mboga zetu za asili na mbegu zake.

Ndugu zetu wa Kagera mnajua jinsi mnyauko wa migomba ulivyoingia mashambani miaka ya 2000 na kuumiza kaya zinazotegemea ndizi. Tuendelee kushikana. Safisha panga kwa moto au dawa kabla ya kuhamia mgomba mwingine. Vunja ua dume kwa kijiti chenye panda badala ya kulikata. Ng'oa na uangamize mgomba ulioambukizwa, na usichukue machipukizi shambani kwa mtu kabla hujajua afya ya shamba hilo. Anayefanya hivyo analinda chungu cha jirani yake pia.

Na wavuvi wa Kigoma, Katavi na Rukwa, tunawashukuru. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipumzishwa uvuvi kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Haikuwa rahisi kwa kaya zinazoishi kwa nyavu. Sisi walaji nasi tuwaunge mkono. Tusinunue migebuka wachanga, na tukubali kwamba hata kitoweo tukipendacho kina msimu wake wa kupumzika.

Kuna jambo moja zaidi, nalo ni la mtaani.

Utani wetu wa makabila una chakula ndani yake. Wachaga na Wapare hutaniana mpaka mgeni adhani watapigana, na mara nyingi sufuria huingizwa katika mabishano. Tuutunze utani huo, lakini tuuongezee sahani. Ukimtania mwenzako kwa chakula chake, kionje kwanza. Vinginevyo unatania usichokijua, na mtani wako ana haki ya kukutoza mbuzi.

Chakula kikigawiwa huvuka mipaka kirahisi. Boko boko la Unguja, la ngano na nyama, ni ndugu wa harees ya Oman. Na huko Muscat, ndugu zetu wenye asili ya Zanzibar na mwambao wanapika mandazi, na mishikaki imekuwa chakula cha barabarani ambacho hata asiyejua Kiswahili anakiita kwa jina hilo. Kama chakula chetu kimeweza kuvuka bahari, je, hakiwezi kuvuka ukuta wa jirani?

Basi ndugu zangu, tusisubiri siku maalumu. Jumamosi hii mpigie simu mama, bibi, shangazi au mjomba anayejua kupika. Mwulize chakula kimoja tu, hatua kwa hatua, naye atakueleza mpaka salio liishe. Nenda sokoni ununue vinavyohitajika. Waite watoto wakusaidie kumenya.

Kikiiva, pakua bakuli la kwanza umpelekee jirani wa mkoa mwingine. Usiogope kwamba hatakipenda. Mwambie kinaitwaje, kinaliwaje, na kwenu hupikwa lini. Bakuli lako atalirudisha, na kwa desturi yetu sote, kutoka Pemba mpaka Songea, chombo cha jirani hakirudishwi kitupu.